Mwalimu Hakuwahi Kulala Matangani

Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, hayo waulize watu wa kwao. Mimi nilimjua akiwa tayari ni Mwalimu, na hilo ndilo jina nitamwita hapa. Sisi wanawake wa ngumbaru, darasa la watu wazima huku kwetu Kabuchai, hatukuwahi kumwita kwa jina lingine. Yuko hai. Kabla sijaandika nilimwomba ruhusa, kwa sababu ndani kuna mambo ambayo aliyaficha miaka mingi. Akaniambia, "Andika. Lakini andika chenye ulisikia, si chenye ungependa kusikia."

Hiyo alituambia tangu siku ya kwanza. Akikuta mtu ameandika habari ya uongo, ati shamba lake limejaa mahindi na sisi sote tumeliona limejaa magugu, alikuwa anamrudishia daftari na kumwambia maneno hayohayo.

Mimi si mtu wa kusifu watu. Watoto wangu wanajua. Mtoto akija na namba mbili nilikuwa namuuliza namba moja alikuwa nani na alikula nini. Kwa hivyo nikisema huyu mama ni mtu, mjue nimepima kwanza.

Tulisomea stoo ya mahindi nyuma ya kanisa, siku za soko, saa nane mchana. Wakati wa mavuno tulikaa juu ya magunia, na magunia yakiuzwa tulikaa chini. Mwalimu alikuja na gambuti miguuni mvua ikinyesha na gambuti jua likiwaka. Biro yake nyekundu aliifunga kwa uzi kwenye kifungo cha sweta, isipotee. Hakuwa anatoa alama. Hakuandika vizuri, wala vibaya. Chini ya kazi ya kila mtu aliandika neno moja tu: *Nimesoma.*

Siku niliyoweza kuandika jina langu lote, bila kuangalia ubaoni, niliona hiyo *Nimesoma* nikakasirika. Nilikuwa na wajukuu tayari, nimehangaika na lile jina mwezi mzima.

"Mwalimu, si uniambie kama ni nzuri?"

"Nzuri ni ya mandazi, Mama Simiyu. Wewe umeandika, mimi nimesoma. Unataka nini tena?"

Nilienda nyumbani nimenuna. Nilipokuwa nakamua ng'ombe ndipo nilielewa. Nilikuwa nimesema kitu bila kufungua mdomo, na mtu akasikia.

Alikuwa mkali kwa mambo mengine na mpole kwa mengine, na huwezi kujua kimbele ni lipi. Ukichelewa, unasimama mlangoni mpaka amalize alichokuwa anasema. Lakini ukisinzia, hakuamshi. Sisi tulikuwa tunatoka shambani, tumepalilia tangu asubuhi, tumekula, halafu tunawekwa kwenye stoo yenye joto. Kila siku walikuwa wawili watatu wamelala juu ya magunia vinywa wazi. Mwalimu alikuwa anashusha sauti tu, anafundisha taratibu kama mtu anayepita kitandani kwa mtoto. Siku moja mkubwa mmoja wa elimu alikuja kutukagua, akakuta hivyo.

"Mwalimu, hawa wanalala!"

"Huyo ameamka saa kumi," Mwalimu akamwambia. "Amekamua, amepeleka maziwa, amepalilia mistari ishirini. Wewe umeamka saa ngapi?"

Yule mkubwa akatafuta pa kukaa. Hakukuwa na kiti.

Sasa kuna mambo yake ambayo hayakulingana, na nitayasema, maana nisipoyasema mtadhani naandika habari za malaika. Alitukataza sukari. Alisema sukari imemaliza wazee wa huku kuliko malaria. Na kwenye mkoba wake, ndani ya karatasi ya mkate, kulikuwa na kipande cha sukari nguru cha ukubwa wa ngumi, na kilikuwa kinapungua. Niliona kwa macho yangu. Pia alisema mtu asipende kugombana, na hakuna siku alipita sokoni bila kugombana na mwenye mizani.

Na hakuogopa mtu. Mama Halima, mwenzetu mmoja, alikuwa anakaa Bungoma mjini, zile nyumba za karibu na msikiti, akija kwetu siku za soko kuuza vyombo. Siku moja mwenye vibanda alimletea karatasi aweke kidole. Mama Halima akasema anataka kuisoma kwanza. Yule mtu akacheka, akafungua pedi ya wino, akaisukuma mbele. Mwalimu alikuwa ananunua sufuria hapo. Alichukua ile pedi, akaifunga, akaitia kwenye mkoba pamoja na sukari nguru yake.

"Anasoma," akasema. "Utangoja."

Tukangoja wote. Mama Halima alisoma kwa kidole, neno kwa neno, kwa sauti, jua limetupiga kichwani. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba kibanda kinaweza kuchukuliwa siku yoyote, akarudia mara mbili. Halafu akaikunja karatasi, akamrudishia mwenyewe. Hakuweka kidole. Pedi ya wino mpaka leo sijui iliishia wapi.

Lakini nilitaka kusema habari ya neno.

Mwalimu hakuwa anatoa maneno kitabuni. Kila mmoja wetu alikuja na neno moja kutoka nyumbani kwake, kama vile unakuja na ukuni wako wa kuchemshia chai ya wote. Unalisema, yeye analiandika ubaoni, halafu darasa linaulizwa mambo matatu. Linasema nini? Nani hulitumia, na anamwambia nani? Limetoka wapi?

Zamu yangu ilipofika nilipeleka *koroma*. Nililipeleka kwa hasira. Mzee wangu alikuwa hajaniacha nipate usingizi wiki nzima.

Stoo yote ilicheka. Mama Halima akasema, "Wako anakoroma tu? Wangu anasaga mahindi, bana. Naamka nikitafuta unga."

Mwalimu aliandika lile neno kwa herufi kubwa, akangoja kicheko kiishe. "Linasema nini?"

Tukamwambia ni sauti ya mtu aliyelala, pumzi ikipita kwa shida puani na kooni.

"Anayekoroma anajisikia?"

Hapana, hajisikii.

"Basi neno hili ni la nani?"

Hatukuwa tumewahi kuulizwa neno ni la nani.

"Ni la aliye macho," akasema. "Mwenye kukoroma hana hilo neno. Anapewa asubuhi, na yule aliyekesha ndiye anampa vile anavyotaka. Anaweza kumpa kwa utani. Anaweza kumpa kwa matusi. Yeye hawezi kubisha, maana hakuwepo."

Tukaendelea na matumizi. Mmoja akasema hata nguruwe hukoroma. Mwingine, ambaye mume wake alikuwa anabeba kabichi kwa pikipiki kutoka Cheptais, akasema ile pikipiki ikipanda mlima na mzigo inakoroma mpaka unaionea huruma. Mama Halima akasema kwao mama yake, Pwani, koroma pia ni nazi ambayo si dafu tena na bado haijawa nazi kamili. Mwalimu akaliandika hilo pembeni, akasema, "Hilo sikulijua. Asante."

Halafu akatuambia tushike shingo. Tukashika, wamama wazima, kila mtu na koo lake. "Hapo mnaposhika ni koo. Kile kigumu kinachopanda na kushuka ukimeza ni koromeo. Koo, koromeo, koroma. Mimi nadhani hawa ni ndugu. Tena nadhani ile sauti ilijiita yenyewe, koro, koro, koro, watu wakaifuata. Lakini hiyo ni kudhani. Sijui."

Mimi nimekaa mbele ya mapadri, machifu, maafisa wa kilimo na madaktari wa ng'ombe. Huyo ndiye mtu wa kwanza mwenye chaki mkononi kuniambia hajui.

Tulidhani amemaliza. Akauliza tena, bila kutuangalia. "Mbona mifano yote ni ya wanaume? Hakuna mwanamke hukoroma?"

"Wako," Mama Halima akasema, "lakini si sisi."

Tukacheka tena. Mwalimu hakucheka. Alichukua kitambaa akafuta ubao, na ubao haukuwa umejaa.

Siku hiyo niliandika daftarini: *Mwanamume akikoroma wanasema amechoka. Mwanamke akikoroma wanasema hana adabu.* Niliandika tu kwa sababu ni kweli. Mwalimu akaandika *Nimesoma*, na biro ilikandamizwa mpaka karatasi ikatoboka. Daftari ninalo mpaka leo.

Sasa jambo ambalo watu hawakumsamehe. Mwalimu hakuwahi kulala matangani. Kwetu mtu akifiwa wanawake hujaa nyumbani kwake, wanapika, wanaimba, usiku wanalala chini pamoja kwenye majani na mikeka. Hata mwenye kisukari, hata mwenye mtoto mchanga, analala angalau siku moja. Yeye alikuja asubuhi, akateka maji, akamenya viazi kuliko mtu yeyote, na saa kumi na moja jioni anachukua mwavuli anaenda. Kila mara. Wengine walisema anaringa, hawezi kulala chini na watu wa kawaida. Wengine walisema mabaya zaidi, kwamba mtu ambaye halali na watu ana kitu anafanya usiku. Mimi niliwanyamazisha.

Halafu mzee wangu akafa, na zamu ikawa yangu.

Alikuja siku zote nne. Jioni ya kwanza nilimwona anachukua mwavuli. Nilikuwa nimekaa chini, siwezi kusimama.

"Mwalimu," nikamwambia, "hata kwangu?"

Alisimama hapo mlangoni. Uso wake nilidhani ni wa kiburi. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi niko hapa," akasema.

Na saa kumi na mbili asubuhi alikuwepo, gambuti imelowa umande, kabla ya ndugu zangu wa tumbo moja kuamka. Lakini mimi nilikuwa nimeumia. Nilienda darasani miaka mingine miwili nikiwa nimeumia, namsalimia kama mtu wa ofisini. Yeye hakuniuliza kitu. Aliendelea kuandika *Nimesoma*.

Baadaye alistaafu. Darasa likafungwa, stoo ikarudia mahindi.

Mwaka huu binti yake akanipigia simu. Ameolewa Kitale, anakaa mtaa wa Kibomet. Aliniambia, "Mama, njoo unisaidie. Mwalimu wako anakataa."

Hali ilikuwa hivi. Mwalimu alikuwa anasinzia mchana hata akiwa amesimama. Alikuwa amesinzia jikoni kwake na sufuria ikamwagika, mkono wa kushoto ukaungua mpaka kiwiko. Daktari wa Kitale alisema huenda pumzi yake inakatika akiwa amelala, na mtu akikatika pumzi hivyo kila siku, siku moja inaweza isirudi. Alitaka mtu amsikilize akilala na kumwandikia alichosikia: anakoroma vipi, ananyamaza mara ngapi, kwa muda gani. Akiwa na hiyo karatasi ndipo angejua kama ni ya kumpeleka mbele kwa vipimo.

Na Mwalimu alikataa. Kwetu mama mkwe halali nyumba ya mkwe wake. Hata mkono hawapeani. Binti akasema watatafuta chumba kwa jirani, akakataa. Akasema watamrekodi na simu, hapo ndipo alikasirika kabisa: "Sauti yangu iingie kwenye simu? Leo iko kwako, kesho iko kwa kwaya nzima!" Alikuwa anakuja kliniki asubuhi na kurudi Kabuchai jioni, mgonjwa hivyo, asilale Kitale hata siku moja.

"Anasema kama ni lazima," binti akaniambia, "atakubali mchana, na mtu mmoja tu. Wewe."

Nilifika Kibomet saa nne asubuhi. Walikuwa wamekodi chumba cha jirani, kitanda kimoja na stuli moja. Mwalimu alikuwa amekaa kitandani na gambuti miguuni, mkono umefungwa bandeji, macho yanafunga yenyewe. Alikuwa amezeeka ghafla. Nilimvua gambuti.

"Lala," nikamwambia.

"Siwezi kulala mtu akinitazama."

"Sikutazami. Nakaa nimekupa mgongo. Kazi yangu ni masikio."

"Utacheka."

"Nikicheka nitaandika kwamba nimecheka."

Akajilaza. Halafu akaniambia, akiangalia ukuta. Alipoolewa, akiwa msichana mdogo, asubuhi ya kwanza alikuta mashemeji wa kike mtoni wanakoroma. Wamesimama na madebe yao, wanakoroma kwa zamu na kucheka. Mama mkwe wake alimhamishia jikoni alale na mbuzi, ati nyumba ipate usingizi. Ile ndoa haikumaliza miaka mitatu.

"Tangu hapo sijalala mahali watu wako," akasema. "Hata kwako. Jioni ile nilifika njia panda nikarudi mara mbili, Mama Simiyu. Mara mbili. Nikasema, kwa matanga ya mzee wake, watu wacheke?"

Mimi si mtu wa kulia. Nilimwambia, "Sogea, unalalia shuka vibaya." Nikageuza stuli, nikampa mgongo, nikafungua daftari.

Alilala kama jiwe limetupwa majini. Na alikoroma. Sitaficha, mwenyewe amesema nisifiche. Alikoroma mpaka kikombe kilitetemeka kwenye kisahani. Nikaandika. *Amekoroma.* Halafu sauti ikapanda, ikapanda, ikakatwa. Kimya. Nilikuwa na saa ya marehemu mzee wangu, nikahesabu mshale wa sekunde. *Amenyamaza kumi na mbili.* Halafu akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa kisimani. *Amekoroma.* *Amenyamaza kumi na tisa.* *Amekoroma.*

Mzee wangu naye alikuwa akinyamaza hivyo. Sisemi ndicho kilichomuua, alikuwa na magonjwa mengine. Nasema tu kwamba nilisikia miaka thelathini, nikashukuru kile kimya kwa sababu kilinipa nafasi ya kulala.

Ukurasa wa pili kimya kimoja kilikuja kikakaa. Kumi, ishirini. Niligeuka. Kifua kilikuwa kinahangaika na hakuna kilichoingia. Ishirini na tano. Mkono wangu ulishafika begani mwake nimtikise. Thelathini. Daktari alikuwa amesema asiamshwe kabla ya dakika moja. Thelathini na saba, pumzi ikarudi kwa kishindo.

Nilikaa. Nilitaka kuandika ishirini. Mtu akiandikwa thelathini na saba anaogopa, na huyu alikuwa amechoka tayari. Biro ilikaa hapo. Halafu nikaandika thelathini na saba.

Alipoamka jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili. Akanyoosha mkono ule mzima. "Lete."

Alisoma kurasa zote tatu. Alisoma polepole, midomo inatikisika kidogo, kama sisi tulivyokuwa tunasoma zamani. Alipofika ukurasa wa pili akasimama.

"Hapa thelathini na saba. Wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nimekushika bega."

"Hujaandika."

"Si ulisema niandike nilichosikia?"

Nusura acheke. Ile biro nyekundu, siamini mpaka leo, ilikuwa bado imefungwa kwenye kifungo cha sweta. Akaweka daftari juu ya goti na kuandika chini ya ile mikoromo yake yote: *Nimesoma.*

Nje, mkwe wake alikuwa amefika kuchukua karatasi aipeleke kwa daktari. Alisimama mbali, karibu na lango, uso ameuelekeza barabarani kwa heshima. Ni kijana mzuri. Nikatafuta bahasha ya kutia daftari, nikatafuta gundi.

"Unafanya nini?" Mwalimu akaniuliza.

"Nafunga, asione."

"Usifunge," akasema. "Mpe hivyo hivyo. Kijana anajua kusoma."

Nilimpelekea likiwa wazi. Alilipokea kwa mikono miwili, hakuniangalia, akaenda.

Niliporudi Mwalimu alikuwa ameshajilaza tena, amegeukia ukuta. Nilishika mlango niufunge. Akasema, bila kufumbua macho, "Uache. Kuna joto."

Nikauacha wazi, nikatoa stuli, nikakaa pale kizingitini na saa yangu. Haikuchukua muda akaanza. Mwanamke mmoja, mpangaji wa hapo plotini, alikuwa anaanika nguo. Akasimama na shati mkononi, akaangalia chumbani, akaniangalia mimi, akaanza kutabasamu.

"Shosho, nani huyo anakoroma hivyo mchana wote?"

"Ni mwalimu wangu," nikamwambia. "Amechoka."